Kurudi Kwenye Chungu cha Wazee: Mwongozo kwa Mtu wa Tanga

Ukitaka kula na kuishi kama mababu ukiwa Tanga, kwanza iondoe kichwani picha ya mtu aliyeshika paja la nyama. Picha hiyo imetoka mbali. Mwaka 1985 Wamarekani wawili, S. Boyd Eaton na Melvin Konner, waliandika katika jarida la udaktari kwamba mwili wa binadamu ulijengeka kwa chakula cha wawindaji na waokota matunda, na kwamba maradhi mengi ya leo yanatokana na kuuacha mlo huo. Hoja ilikuwa nzito. Lakini ilivyozidi kuenea ikageuka kuwa nyama, mayai na siagi, na nafaka zote zikapigwa marufuku.

Wazee wa pwani hawakula hivyo. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba wenyeji hula zaidi ndizi na samaki. Huku kwetu palikuwa na mtama, uwele, kunde, nazi, majani ya porini na vyote vilivyotoka baharini. Muhogo na mahindi, ambavyo leo tunaviita vya asili, asili yake ni Amerika na vilifika baadaye kwa njia ya Wareno. Havigeuki kuwa vibaya kwa sababu hiyo. Ila ujue kwamba hufuati orodha ya vyakula vya karne fulani. Unafuata namna: chakula kizima, kilicholowekwa, kikachachushwa au kutwangwa nyumbani, kikaliwa na watu waliotumia miili yao mchana kutwa.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Aliyekula bada, yaani ugali wa muhogo, na mchuzi wa tui zamani alikuwa ameshakuna nazi, ametwanga, amechota maji, amelima au amevuta nyavu. Ukichukua chungu chake ukaiacha kazi yake, chungu hichohicho kitakunenepesha. Kwa hiyo mwongozo huu una chakula na una mwendo, na vyote viwili vinakwenda pamoja.

Kabla hujagusa chungu

Kama unatumia dawa za kisukari, iwe insulini au vidonge vya glibenklamaidi, usipunguze wanga kabla ya kuzungumza na daktari. Wanga ukishuka na dozi ikabaki ileile, sukari ya damu huanguka. Dalili zake ni jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, maneno kuchanganyika, na mtu anaweza kuzimia. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, subiri dakika 15, pima tena. Aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni; mkimbize hospitali. Mwenye maradhi ya figo naye asijiongezee madafu, ndizi, viazi na muhogo bila ushauri, maana vina potasiamu nyingi na figo dhaifu haziwezi kuitoa.

Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kipimo kisizidi nusu ya urefu wako. Mtu wa sentimita 164 asivuke 82. Andika na tarehe. Pima presha, na sukari kabla ya kula asubuhi: ikifika 7.0 mmol/L au zaidi na kipimo kikarudiwa kikatoka vilevile, hicho ni kisukari, na matibabu yake yanaanzia kliniki, mlo unafuata.

Unga: hapa ndipo kazi kubwa ilipo

Katika nyumba nyingi za Tanga sembe nyeupe ndiyo inayobeba sahani. Ukibadilisha unga peke yake, hata kama hujagusa kitu kingine, umeshafika mbali.

Njia rahisi ni dona. Saga mahindi na kiini chake, lakini saga ya wiki mbili tu. Kiini kina mafuta, na kwa joto la Tanga mafuta hayo huvunda upesi. Dona la mwezi mzima huwa chungu na watu husema hawalipendi, kumbe wamelionja likiwa limeharibika. Kwa mtama, usianze na ugali wa mtama mtupu. Husongeka vibaya, hukatikakatika, watoto wataukataa siku ya kwanza na hutapata siku ya pili. Changanya vipimo vitatu vya dona na kimoja cha mtama, baada ya wiki mbili nenda nusu kwa nusu.

Kabla ya kusaga mahindi, yahakikishe ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi robo ya chupa na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani kwenye turubai, yasikae juu ya ardhi tupu. Mahindi na karanga mbichimbichi huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu zichambue kwenye ungo na uzitupe. Usiwape kuku, maana sumu inaingia ndani yao pia.

Sasa bada. Huu ni ugali wa unga wa muhogo, na kwa watu wa Tanga ukikutana na samaki wa chukuchuku hakuna haja ya kitu kingine. Lakini muhogo una sumu ya asili ya sianidi, kidogo katika muhogo mtamu, nyingi katika ule mchungu, na ukame huiongeza katika wote. Wazee walijua kuutengeneza. Tatizo ni haraka ya leo: muhogo unamenywa, unaanikwa siku mbili, unasagwa. Kuanika peke yake hakutoshi. Tarime katikati ya miaka ya 1980, kisha Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walipooza miguu ghafla kwa maradhi yanayoitwa konzo, na hayana tiba. Yaliwapata waliokula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, wiki nyingi mfululizo, bila samaki wala kunde.

Ukiutengeneza mwenyewe: menya, kata vipande vya urefu wa kiganja, loweka kwenye ndoo yenye kifuniko kwa siku tatu hadi ulainike na kuwa na harufu ya chachu. Toa, osha, vunja kwa mikono, ondoa uzi wa katikati, anika kwenye jamvi hadi vipande vivunjike kwa mlio. Twanga au peleka mashineni, chekecha.

Ukinunua unga sokoni na hujui ulitengenezwa vipi, kuna njia ya kuumaliza nyumbani. Tia unga kwenye beseni, usawazishe, piga alama ndani ya beseni usawa wa unga ulipofika. Mimina maji kidogokidogo huku unachanganya kwa mkono. Unga utashuka chini ya alama kwanza, kisha ukiendelea kutia maji utapanda. Ukiifikia ile alama tena, acha. Usiongeze hata tone. Utandaze kwenye ungo au mkeka safi, unene usizidi sentimita moja. Acha juani saa mbili, au kivulini saa tano. Katika muda huo sianidi inageuka hewa na kuondoka. Unene ndiyo siri: ukiulundika sentimita tatu, wa juu utapona na wa chini utabaki na sumu yake. Unga huo upike siku hiyohiyo, kwa kuwa umelowa na hautakaa hadi kesho.

Kusonga bada hakufanani na kusonga sembe. Kwa watu wanne chemsha maji lita moja, punguza moto, mwaga karibu nusu kilo ya unga kwa mara moja, kisha songa kwa nguvu bila kupumzika dakika tano hadi saba. Ukiumwaga kidogokidogo kama sembe utapata madonge yenye unga mkavu katikati. Bada limeiva likiacha weupe wa chaki na kuwa na mng'ao, na likishikana likabanduka lote kwenye sufuria pamoja na mwiko.

Muhogo karibu hauna protini kabisa. Kwa hiyo bada lisiende mezani bila samaki, dagaa, kunde au mbaazi. Na tumia chumvi yenye madini joto. Chumvi ya mashambani inayouzwa kwa kopo, nzuri kwa kukaushia samaki, haina madini hayo, na mlaji wa muhogo anayahitaji zaidi ya wengine ili tezi la shingo lisivimbe.

Uji wa kuchachusha nao urudi. Usiku changanya kikombe kimoja cha unga wa ulezi au mtama na vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa, funika kwa kitambaa, acha saa 12 hadi 24. Kwa joto letu saa 12 mara nyingi zinatosha. Mara ya kwanza itachukua siku nzima. Ukiwa na mabaki ya chachu ya jana, tia vijiko viwili. Harufu inayotakiwa ni ya uchachu safi kama wa mtindi. Ukiona manyoya juu, ya kijani, meusi au ya waridi, mwaga chote. Usikwangue juu ukapika cha chini. Asubuhi chemsha vikombe vinne vya maji, mimina mchanganyiko huku unakoroga, acha uive dakika 15. Uchachu unavunja kile kinachozuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye nafaka. Ulezi una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100, mahindi, mtama na mchele havifikii hata robo yake, na kwa wajawazito na wazee hilo si jambo dogo.

Samaki

Tuna bahati ambayo mtu wa Tabora hana, na wengi hatuitumii. Samaki wa bei nafuu ndio wenye mafuta bora: vibua na dagaa. Changu na tasi ni watamu, lakini kwa moyo na mishipa kibua anawazidi. Kula samaki wa mafuta angalau mara mbili kwa wiki, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole. Dagaa wa kuliwa na mifupa wanakupa kalsiamu ambayo minofu haina.

Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi mapema, na nenda na ndoo yenye barafu. Barafu ni ya lazima. Kibua, jodari na nguru wakikaa juani saa chache, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na hiyo haiondoki kwa moto, ndimu wala pilipili. Mtu akila, ndani ya saa moja uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, na watu husema ana mzio wa samaki. Kumbe samaki alilala juani. Weka barafu kilo moja kwa samaki kilo moja. Angalia macho yaliyotuna na kung'aa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Samaki mwenye matamvua ya kahawia usimchukue hata akiuzwa nusu bei.

Upikaji wa kila siku uwe chukuchuku au kupaka. Chukuchuku: samaki, maji kidogo, kitunguu, nyanya, ndimu au ukwaju, pilipili nzima, chumvi nusu kijiko cha chai kwa sufuria ya watu wanne, dakika 10 hadi 12. Samaki wa kukaanga kwenye mafuta yaliyotumika tangu jana na juzi, yaliyokuwa meusi na kutoa povu, ni chakula kingine kabisa na hakina nafasi hapa. Papa ng'onda ni chakula cha wazee kweli, lakini chumvi yake ni ya kuhifadhia. Mloweke usiku kucha, badilisha maji mara mbili, na usitie chumvi nyingine kwenye mchuzi. Mtu mzima asizidishe chumvi gramu 5 kwa siku kwa vyakula vyote, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Mjamzito aache papa kabisa, mbichi na mkavu, kwa sababu ya zebaki inayojikusanya kwa samaki wakubwa.

Kusi ikivuma bahari inachafuka, samaki wanakuwa haba na bei inapanda. Usikimbilie nyama ya kukaanga. Miezi hiyo ni ya kunde, mbaazi, choroko na dagaa wakavu. Wakati wa kaskazi rudi baharini.

Nyama na maini si vibaya, ila zamani vilikuwa vya siku maalumu. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Maini ni hazina ya madini ya chuma, lakini mjamzito asile mara kwa mara, vitamini A yake ikizidi inamdhuru mtoto tumboni. Maziwa, hata ya jirani unayemwamini, yachemshe kwanza. Kuna wanaohubiri maziwa mabichi kwa jina la asili. Ng'ombe anaweza kuwa na brusela au kifua kikuu na asionyeshe dalili yoyote. Chemsha, poza, kisha gandisha mtindi.

Majani

Mchunga, mnavu, matembele, majani ya kunde, kisamvu, mchicha. Ukienda soko la Mgandini au Ngamiani asubuhi utavipata vyote, pamoja na mboga zilizoshuka kutoka Lushoto. Lengo ni gramu 400 za mboga na matunda kwa kila mtu kwa siku. Mafungu matatu ya mchicha yanaonekana mengi kwenye kapu na yakishapikwa yanajaa bakuli moja, kwa hiyo kwa familia ya watu watano usione aibu kununua kilo moja na nusu ya majani mabichi.

Mchunga uchume ungali mchanga, kabla haujatoa maua. Osha ukiwa mzima, kisha katakata. Ukikata kwanza utomvu na vitamini vinaondoka na maji. Chemsha dakika tano, mwaga maji hayo mara moja tu ikiwa uchungu umekuzidi, kamua, upike na kitunguu na tui jepesi. Anayemwaga maji mara tatu hadi uchungu uishe anakula nyuzi. Wengi huuita dawa ya sukari. Ule kama mboga, unakufaa. Usiule badala ya vidonge vyako.

Kisamvu kina sianidi kama mzizi wake. Kitwange hadi kiwe laini kabisa, kwani kutwanga ndiko kunakoifungua sumu itoke, kisha kichemshe bila kufunika dakika 30 hadi 45 ndipo utie tui au karanga. Kilichokatwakatwa kwa kisu na kupikwa haraka hakifai.

Kamulia ndimu au tumia ukwaju kwenye mboga, na chai isogeze mbali na chakula kwa saa moja. Ndimu inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya majani, chai inayazuia. Mwanamke mwenye upungufu wa damu anayekula mchicha kila siku na kuteremshia kwa kikombe cha chai ya rangi anapoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Nazi na mafuta

Nazi siyo adui wa mtu wa pwani. Kosa ni kuweka tui juu ya mafuta: kitunguu kinakaangwa kwa mafuta nusu kikombe, kisha linamiminwa tui la nazi mbili. Chagua kimoja. Mchuzi wa tui hauhitaji kukaangwa. Ikune nazi moja, tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua kwenye kifumbu, hilo ni tui zito, liweke pembeni. Tia vikombe viwili vya maji kwenye machicha, kamua tena, upate tui jepesi. Pika kitunguu, nyanya, bizari na samaki au mboga kwenye tui jepesi. Vikishaiva, mimina tui zito, koroga taratibu kwa upawa, sufuria ikiwa wazi, na epua linapoanza kuchemka. Ukilifunika na kuliacha litokote litakatika, mafuta juu na maji chini.

Nazi moja kwa sufuria ya watu watano au sita, chungu kimoja cha tui kwa siku. Wali wa nazi, mchuzi wa nazi na maharage ya nazi kwenye mlo mmoja ni wa sikukuu. Mafuta ya nazi ni mazito na yanapandisha lehemu (kolesteroli) kwa baadhi ya watu. Mwenye lehemu ya juu apunguze hadi nusu nazi.

Chai, vitafunwa na sukari

Asubuhi ya Tanga ni chai yenye sukari vijiko vitatu na mandazi, chapati au vitumbua. Hapa ndipo penye ngano nyeupe, mafuta na sukari vikiwa pamoja, kabla hata jua halijapanda. Badala yake weka muhogo wa kuchemsha, kiazi kitamu au magimbi, pamoja na mbaazi au yai, au ule uji wa kuchachusha usiotiwa sukari. Kwenye chai punguza nusu kijiko kila wiki. Ukikata yote siku moja utaichukia chai na utarudi. Wiki ya tano utakuwa kwenye nusu kijiko, na ulimi utaanza kusikia mchaichai, hiliki na tangawizi yenyewe.

Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi, zaidi ya kiasi cha gramu 25 ambacho ni bora mtu mzima asikizidi kwa siku nzima. Juisi ya miwa na ya maembe zinafuata nyayo zilezile. Chungwa la Muheza lile pamoja na nyama zake nyeupe. Ukikamua manne kwenye glasi umeacha nyuzi na kunywa sukari. Asali ya Handeni ni nzuri, na Wahadza, wawindaji wa kando ya Ziwa Eyasi, wanaipenda kuliko chakula chochote, ila wao hupanda mbuyu kuifuata. Kwako iwe kijiko kimoja cha chai.

Kipimo kwenye sinia

Kula sinia moja ni heshima na upendo, usiache. Tatizo ni kwamba kipimo chako hukioni. Mpishi apange sinia hivi: mboga nusu, samaki au kunde robo, wanga robo, na mboga zisiwekwe katikati kama pambo bali mbele ya kila mlaji. Anza na tonge za mboga na samaki, wanga ufuate. Kwa sahani ya peke yako, ugali au bada usizidi ngumi yako.

Chakula cha jioni kiwe mapema, kimalizike kabla ya isha, kisha usile hadi asubuhi. Hizo ni saa 11 au 12 za tumbo kupumzika, bila jina lolote la kigeni. Anayefunga Jumatatu na Alhamisi tayari ana zoezi hilo, mradi asifuturu kwa kalimati na juisi. Tende tatu na maji, sala, kisha supu ya samaki au uji, halafu futari ya muhogo au magimbi kwa kiasi.

Mwendo, kukaa na kulala

Vipimo walivyofanyiwa Wahadza vilionyesha kwamba hutembea na kufanya kazi ya kuongeza mapigo ya moyo zaidi ya saa mbili kwa siku, na presha ya juu kwao ni adimu. Lakini hata wao hupumzika saa nyingi. Tofauti ni kwamba hupumzika wamechuchumaa au wamekaa chini, misuli ya miguu ikiendelea kufanya kazi, wakati kiti chetu cha plastiki kinatuzima kabisa.

Tanga ni tambarare na ni mji wa baiskeli. Itoe baiskeli uani, jaza upepo, itumie kwenda sokoni na kazini. Kutoka Ngamiani hadi Raskazone na kurudi ni zoezi tosha la siku, na ukiogelea huko ni zaidi. Asiye na baiskeli atembee kwa mwendo ambao anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, huo ukiwa ndio mwanzo. Kinu na mchi virudi jikoni: kutwanga kisamvu dakika 20 ni kazi ya mabega, mgongo na tumbo, na wanaume wakishika mchi hawapungui kitu. Ikune nazi mwenyewe kwa mbuzi. Kaa kwenye mkeka badala ya kochi kwa nusu saa jioni na uinuke bila kushika ukuta. Mwenye goti bovu atumie kigoda kifupi kwanza.

Usingizi uwe saa saba au nane. Chumba cha Tanga usiku ni joto, kwa hiyo fungua madirisha yenye wavu, tandika chandarua, koga maji ya kawaida kabla ya kulala, na simu ibaki sebuleni.

Wiki za mwanzo

Tumbo litajaa gesi. Ni kunde na unga usiokobolewa, na ni kwa wiki mbili hivi. Loweka kunde na maharage saa 12, mwaga maji hayo, pika kwa mapya, anza na upawa mmoja. Choo kikiwa kigumu, umeongeza nyuzi bila kuongeza maji; fika lita mbili hadi tatu kwa siku, zaidi ukifanya kazi juani. Njaa ya saa nne asubuhi inamaanisha kifungua kinywa hakikuwa na protini. Ukipata kizunguzungu ukiinuka na unatumia dawa za presha, nenda kapime: chumvi ikipungua na uzito ukishuka, dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno, lakini anayeipunguza ni daktari.

Watoto chini ya miaka mitano usiwape mlo huu kwa kipimo chako. Matumbo yao ni madogo na mboga nyingi na nyuzi huwashibisha kabla hawajapata nguvu. Wape mara tano kwa siku, uji mzito wenye karanga safi au tui, samaki aliyetolewa miiba, na usiwapunguzie mafuta.

Futi ya fundi itumie tena baada ya wiki 12, mahali palepale tumboni, asubuhi, kabla ya kula. Mwenye kisukari arudi kliniki kwa kipimo cha damu cha miezi mitatu, akiwa na daftari la alichokula na saa alizotumia dawa, kwa kuwa bila daftari hilo daktari ataona namba na hataona kilichoibadilisha.